Kamera ya waifai ya sebuleni: miezi minne Buruburu, na mtu wa tatu aliyekuwa akituona

Niliinunua mwezi wa tatu, wiki moja baada ya Mama kuanguka mlangoni pa bafu. Mama alipata kiharusi mwaka jana na upande wa kushoto haujarudi sawasawa. Tangu tulipomtoa Likoni, Mombasa, akaja kukaa nami hapa Buruburu, Nairobi, yuko dada anayetusaidia mchana, lakini naye hutoka saa kumi na moja jioni awahi kwake Kayole kabla foleni haijashika. Mimi natoka kazini saa hiyo hiyo, na kwa Jogoo Road ninayoijua, nikifika saa moja nashukuru Mungu. Hapo katikati kuna saa mbili ambazo Mama anabaki na mkongojo wake na redio. Ni kwa ajili ya saa hizo mbili nilikwenda kutafuta kamera.

Ni ile ndogo nyeupe inayozungusha kichwa, ukubwa wa chungwa. Ukishuka barabara ya Luthuli katikati ya jiji utaikuta kwenye kioo cha kila duka, zimepangwa safu kwa safu kama mayai kwenye trei. Kampuni siitaji, maana yaliyonipata yangeweza kunipata kwa nyingi kati ya zile zilizopangwa pale. Nililipa shilingi 3,200 kwa kamera, 1,000 kwa kadi ya memori ya GB 64, na 1,500 kwa fundi wa duka aje kuifunga Jumapili.

Nianze na mazuri, kwa sababu yapo. Picha ya mchana ni safi kiasi cha kusoma jina la dawa kwenye chupa iliyo mezani. Usiku inageuka nyeusi na nyeupe, na bado namtambua Mama kwa mwendo wake. Kadi ile kwangu inashika kama siku sita kabla haijaanza kufuta ya zamani na kuandika mapya, kwa hiyo sijalazimika kulipia hifadhi ya kila mwezi ambayo programu hunibembeleza niinunue karibu kila nikiifungua. Sauti ndiyo duni. Ukizungumza kupitia simu, inatokea nyumbani baada ya sekunde mbili hivi, imekauka kama inatoka kwenye debe. Na stima ikipotea, rauta inazima na kamera inabaki pambo. Nililazimika kununua betri ndogo ya kushikilia rauta na kamera, gharama ambayo muuzaji hakuigusia hata kidogo.

Lakini Jumanne moja ya mwezi wa nne, nikiwa kwenye matatu tumekwama City Stadium, simu ilitetemeka. Nilipofungua nikamwona Mama amekaa sakafuni, mgongo kwenye kochi, miguu ameinyoosha, mkongojo umeteleza chini ya meza. Nikabonyeza kipaza sauti. "Mama, unanisikia?" Akainua uso, akatazama mlangoni, akidhani nimeshaingia. "Nimekaa tu mwanangu, kuinuka ndiko kumenishinda." Nilimpigia jirani mwenye ufunguo wetu wa akiba. Matatu ilipofika Makadara, Mama alikuwa kitini anakunywa maji. Kwa siku ile moja, siwezi kuiita kamera hii takataka, na yeyote mwenye mzazi mgonjwa na kazi ya mbali ataelewa kwa nini.

Mama mwenyewe hakuipenda tangu siku ya kwanza. Aliitazama ikizungusha kichwa kumfuata fundi chumbani, kisha akaniuliza polepole, "Mwanangu, hiki kijicho hulala saa ngapi?" Jina likaganda. Nyumbani kwetu inaitwa Kijicho, na mtu wa pwani akilisikia neno hilo hafikirii jicho dogo peke yake.

Kwa dada anayetusaidia nilikosea, na nalisema wazi. Kamera ilifungwa Jumapili asipokuwepo, na Jumatatu aliikuta ukutani bila mimi kumwambia neno. Hakuuliza. Ila aliacha kuimba. Alikuwa na desturi ya kupiga deki huku akiimba nyimbo za kanisani kwao, na Mama akimwitikia kwa kugonga mkongojo ingawa dini zao ni mbili. Wiki ile, nikisikiliza rekodi, nilisikia ndoo na tambara tu. Siku ya tano nilimketisha, nikampa simu yangu mkononi, nikamwonyesha kinachoonekana na kisichoonekana, tukakubaliana maikrofoni izimwe saa zake zote za kazi na kamera ielekee mlango wa bafu na ujia, isielekee pembe anayobadilishia nguo. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Na ni nani mwingine anaona?"

Nikamjibu, "Ni mimi peke yangu."

Nilimwambia uongo bila kujua.

Mwezi wa sita nilibadilisha kampuni ya intaneti. Rauta mpya, jina jipya la waifai, kwa hiyo kamera ilibidi ijulishwe upya. Jumamosi usiku, Mama ameshalala, nikaketi nayo mezani. Programu ikaniambia kifaa hiki kimeshaunganishwa na akaunti nyingine. Chini yake kulikuwa na namba ya simu iliyofichwa kwa nyota, zimeachwa tarakimu za mwanzo na mbili za mwisho. Haikuwa yangu. Nikachukua pini, nikabonyeza kile kitundu cha nyuma cha kuirudisha upya, nikashikilia mpaka taa ikaanza kumeta, nikarudia hatua zote. Maneno yale yale, namba ile ile.

Nilichomoa waya na kuigeuza uso ukutani. Mikono ilikuwa inatetemeka. Kichwani nilikuwa na wezi wa mitandaoni, watu wa nchi za mbali. Kisha nikaingia kwenye majina ya simu yangu, nikatafuta "Fundi Kamera". Tarakimu mbili za mwisho zililingana.

Hapo ndipo nikakumbuka Jumapili ile vizuri. Fundi aliniambia, "Mama, programu yako inachelewa kushuka, wacha nitumie yangu, halafu nikutumie mwaliko." Nikamsomea neno la siri la waifai yetu, herufi kwa herufi. Baada ya dakika tano mwaliko ukaingia kwenye simu yangu, nikaukubali, nikamwona Mama kwenye kioo, nikafurahi, nikalipa. Hivyo mwenye kamera alikuwa yeye. Mimi nilikuwa mgeni aliyealikwa kutazama sebule yangu mwenyewe.

Ni vizuri kulielewa hili kabla ya kununua, maana kwenye kisanduku halikuandikwa. Kwa kamera nyingi za namna hii, akaunti ya kwanza kuskani ile alama ya QR ndiyo inayoandikwa kama mmiliki, na maandishi hayo hayakai ndani ya kamera. Yanakaa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni yenyewe. Kitundu cha nyuma kinaisahaulisha kamera waifai yako, hakiisahaulishi mmiliki. Sababu yao ina maana: mwizi akiibeba asiweze kuitumia. Lakini maana yake pia ni kwamba aliyeiandikisha kwanza anaweza kuitazama saa yoyote, kucheza rekodi zilizo kwenye kadi, kuzungusha kichwa, kusema kupitia spika, na kumwondoa yule aliyealikwa. Kwa zaidi ya miezi mitatu kijana yule alikuwa na uwezo huo wote juu ya nyumba yangu, na mimi sikuwa na njia ya kujua kama ameutumia mara mia au hajautumia hata mara moja.

Hili la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote, na linatokana na kazi yangu. Nimefanya kazi ya kumbukumbu kwenye hospitali ya umma miaka kumi na tisa. Kwetu, faili la mgonjwa likitoka kwenye rafu, pale lilipokuwa panabaki kadi: nani kalichukua, la wodi gani, tarehe gani, sahihi. Daktari bingwa anaandika, mwanafunzi anaandika. Faili likichelewa kurudi, kadi inasema twende kwa nani. Kadi ile haimzuii mtu kusoma. Inamfanya kila asomaye awe na jina. Nilipekua programu ya kamera hii menyu kwa menyu nikitafuta kitu cha namna hiyo. Kuna orodha ya kila mara Mama aliposogea, saa na dakika. Orodha ya waliomtazama Mama akisogea haipo.

Jumatatu nilikwenda Luthuli na kamera kwenye mkoba. Fundi hakukana wala hakujificha. "Hiyo ni kawaida, Mama. Zote nafanya hivyo. Mtu akipiga simu kamera imezima, natengeneza nikiwa hapa hapa, hatumii nauli." Na akafungua programu mbele yangu ili aifute yangu.

Ilibidi atelezeshe kidole mara kadhaa kabla hajafika kwangu. Kila nyumba ilikuwa na jina alilolipa yeye na kipicha kidogo kama stempu, picha ya mwisho ambayo kamera ilipiga. "Donholm jikoni." "South C mtoto." "Syokimau geti." Kwenye ile ya mtoto niliona chandarua cha buluu kimefunuliwa upande mmoja, na kona ya kitanda. Nikageuza uso. Yangu ilikuwa imeandikwa "Buru mgonjwa".

"Mwanangu," nikamwuliza, "huyu wa South C anajua kwamba uko naye humu?"

Alipangusa kioo cha simu kwa kidole gumba. "Hajawahi kuniuliza."

Simwiti mtu mbaya. Alitoboa ukuta wangu kwa usafi, akapitisha waya kwa mstari ulionyooka, akafagia vumbi lake mwenyewe, na siku nilipompigia simu usiku kwamba picha imeganda alishika. Naamini kwamba hakukaa akimtazama mama yangu. Lakini simu yake ingeibwa kwenye matatu siku yoyote, na katika jiji hili simu huibwa kila siku, sebule hizo zote zingekwenda na mwizi. Alifuta kamera yangu, nikaiskani mwenyewe pale pale kwenye meza yake kwa waifai ya duka, nikaona jina langu mahali pa mmiliki. Kisha nikamwambia sitoki mpaka tuandike ujumbe kwa wengine. Tukauandika pamoja: kamera niliyokufungia iko kwenye akaunti yangu, fungua akaunti yako nikuachie. Wateja watatu walijibu nikiwa bado nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki. Mmoja aliuliza tu, "Tangu lini?"

Watu wameniambia ningemfikisha mbali, na njia ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya faragha, na kinataja waziwazi habari za familia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Malalamiko yakifika kwa Kamishna, sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Sheria hiyo inamwachilia mtu anayerekodi kwa shughuli za nyumbani kwake tu, kwa hiyo mimi na Kijicho changu tuko nje yake. Anayeshika picha za nyumba za wateja kama sehemu ya biashara yake hayuko nje. Nililieleza duka hilo kwa mdomo na kwa barua, nikabaki na nakala iliyopigwa mhuri. Kwa sasa nimeishia hapo, kwa sababu sasa kila anayenunua kwao anaandikishiwa kwa simu yake mwenyewe. Nimerudi mara mbili kimyakimya kusimama kaunta na kutazama.

Wala si jambo la mafundi wa Luthuli peke yao. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki Ring, kampuni ya kamera za nyumbani iliyo chini ya Amazon, kwamba iliwaachia wafanyakazi na vibarua wake kufungua video za wateja. Mfanyakazi mmoja, mwaka 2017, alitazama maelfu ya rekodi za wanawake zilizopigwa katika vyumba vyao vya kulala na bafu. Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Kampuni yenye mawakili na wahandisi wa kila aina, na kadi ya kwenye rafu hawakuwa nayo.

Baada ya hapo niliitazama upya kila kitu cha nyumbani chenye waifai. Runinga ndiyo iliyonishangaza. Ndani kabisa ya mipangilio kulikuwa na kipengele cha "taarifa za utazamaji" kimewashwa, kinachoiruhusu itambue kilicho kwenye kioo na kupeleka habari hizo kwa kampuni. Vizio, kampuni ya runinga ya Marekani, walilipa dola milioni 2.2 mwaka 2017 kwa jambo hilo hilo, runinga milioni 11 zilizokuwa zikikusanya bila wenyewe kuridhia. Nilikizima, ikachukua dakika tatu, na picha haikubadilika hata chembe.

Sasa Kijicho kinaishi hivi. Kina neno la siri lake, lisilofanana na la barua pepe wala la M-Pesa, na uthibitisho wa hatua mbili, kwa hiyo mtu akijaribu kuingia kwa simu nyingine ujumbe unakuja kwangu kwanza. Kiko kwenye waifai ya wageni ya rauta, mbali na simu zetu na kompyuta ya kazi. Programu iliomba majina yote yaliyo kwenye simu yangu. Nikakataa, na haikukosa kitu. Iliomba mahali nilipo. Nilikubali siku ya kuiunganisha tu, kisha nikaondoa. Rekodi zinabaki kwenye kadi. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja, mchana mzima dada akiwepo, jicho linajikunja ndani ya ganda lake kwa ratiba niliyoiweka, na hapo kweli huoni kitu.

Mama haamini ratiba. Saa ya kuoga na saa ya swala anainuka kwa mkongojo, anachukua leso yake kuukuu ya rangi ya machungwa, na kukifunika Kijicho mpaka shingoni. Akimaliza anaitoa, anaikunja mara nne na kuiweka juu ya redio. Nimeshaacha kumwambia haina haja. Wakati wote ule fundi alipokuwa mwenye kamera, leso ile ndiyo peke yake iliyomzuia mtu kuona.

Kwa hiyo: kwa kifaa chenyewe natoa nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezishika mpaka kampuni iweke orodha ya waliotazama na iandike kwenye kisanduku, kwa Kiswahili, kwamba anayeskani kwanza ndiye mwenye kamera. Masharti yake yote ni ya Kiingereza, kurasa baada ya kurasa, kwa bidhaa inayouzwa mjini ambamo wazazi wengi kama Mama hawasomi Kiingereza na ndio wanaopigwa picha. Kwa huduma ya kufunga, kazi ya mikono ni nyota tano, na ile ya akaunti siipi hata moja.

Nilimweleza dada yote, namba, orodha, "Buru mgonjwa". Alinyamaza muda mrefu, akauliza kama na yeye alikuwa kwenye zile picha ndogo. Nikamwambia sikumwona, lakini angeweza kuwemo, na kwamba alistahili jibu bora kuliko nililompa mara ya kwanza. Alirudi kuimba baada ya siku kadhaa, kwa sauti ya chini kuliko zamani.

Wiki iliyopita jirani wa Phase 3 hapa hapa Buruburu, mwenye baba mzee, alinunua kamera kama yangu. Aliniita nikakaa naye mezani. Alishusha programu mwenyewe, tukaingoja kwa kuwa intaneti ilikuwa nzito, akajaza namba yake, akaigeuza kamera chini juu na kuskani ile alama kwa mkono wake. Ilichukua dakika ishirini na mbili. Fundi alisubiri mlangoni, drili mkononi, mpaka jina la jirani lilipotokea.